Barua inayopitia kwa anayelalamikiwa

Aliingia ofisini kwangu asubuhi ya mwezi wa sita, kavaa koti zito juu ya sweta. Mbeya mwezi huo haina utani. "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikamwonyesha kiti, akakaa ukingoni kama mtu aliyekuja kukopa nauli. Alikuwa mkufunzi msaidizi, mwaka wa pili kazini, mmoja wa wale vijana ambao wanafunzi huwaita tiei. Alitoa bahasha kwenye mkoba, akairudisha. Akaitoa tena, safari hii akaiweka mezani na kuisogeza upande wangu kwa kidole kimoja.

Barua ilikuwa ya kurasa mbili, imechapwa vizuri. Juu palikuwa na anwani ya Makamu Mkuu wa Chuo, na chini yake mstari ambao kila mtumishi wa nchi hii anaujua: K.K. (yaani kupitia kwa) Mkuu wa Idara. Kisha kichwa: YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MKUU WA IDARA.

"Mama, na hii nayo lazima ipitie kwake?"

Nimefanya kazi ya utumishi vyuoni miaka 14, Mbeya kwanza, Iringa baadaye, na sidhani kama niliwahi kuulizwa swali lililonikwama kooni kama hilo. Jibu la mazoea nililijua. Barua isiyopitia kwa mkuu hurudishwa. Mimi mwenyewe nimezirudisha nyingi, za likizo, za uhamisho, za ruhusa ya masomo, nikiandika pembeni "Ifuate utaratibu" na kusaini.

Utaratibu wenyewe hauna ubaya. Anayeomba likizo apitie kwa mtu anayejua nani atashika vipindi vyake. Anayeomba kwenda kusoma apitie kwa mtu anayejua idara imebakiwa na walimu wangapi. "Kupitia kwa" ni heshima, na pia ni busara ya kazi. Tatizo ni kwamba tuna mlango mmoja kwa karatasi zote, na mwenye ufunguo wa mlango huo ndiye huyo huyo ambaye baadhi ya karatasi zinamhusu.

Tuifuate barua yenyewe, maana hapa ndipo sera za maadili za vyuo vyetu hufia, na hakuna anayepatazama. Barua hufika masjala. Karani huifungua, huisoma kichwa, huigonga muhuri wa kupokelewa na kuiandika kwenye rejista: tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini. Rejista hukaa mezani, wazi, na yeyote anayekuja kuulizia barua yake huigeuza aone. Ipo masjala ya siri, ndiyo. Lakini barua huwa ya siri baada ya mtu kuisoma na kuamua kuwa ni ya siri, na kufikia hapo wameshaisoma wawili. Kisha hutiwa kwenye faili, hupewa namba ya folio, mhudumu huibeba kwenda kwa bosi wa kwanza, ambaye huandika dokezo na kuipeleka kwa wa pili. Katibu muhtasi wa kila ofisi huipokea na kuitoa. Mfumo wa e-Ofisi umepunguza karatasi, lakini njia ni ileile. Tofauti ni kwamba sasa inapitika haraka zaidi. Nilipohesabu siku moja, nilipata watu saba kati ya anayeandika na anayeandikiwa. Saba, kwenye mji ambao watu wake hukutana Jumapili kanisani na Jumatatu kwenye foleni ya maandazi.

Yule binti nilimfutia ule mstari wa K.K. kwa kalamu, nikatia barua kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa gundi na kuipeleka kwa mkono. Niliona nimefanya la maana. Katibu muhtasi aliifungua mbele yangu, kwa sababu ndiyo kazi yake, akaangalia juu akasema, bila ubaya wowote, "Mama, hii haina K.K., nairudisha masjala." Siku mbili baadaye mkuu wa idara alimsalimia binti kwenye ngazi, akamwambia, "Nimesikia unaniandikia." Alikuwa anatabasamu.

Mchana ule binti alirudi kwangu kuomba barua yake. Nikamwambia ukweli ambao kila afisa utumishi anaujua: barua ikishagongwa muhuri si ya aliyeiandika tena. Ilikuwa folio namba 14.

Aliyoandika yalikuwa matatu. La kwanza, alikuwa akisahihisha mitihani ya kozi mbili zisizo zake, zaidi ya vitabu 300 kwa muhula, na kuingia darasani badala ya mwenye kozi, huku kwenye mgawanyo wa kazi jina likiwa la mwingine. La pili, utafiti alioufanya yeye, wa kukaa Rungwe wiki tatu akihoji wakulima wa viazi, ulikuwa umechapishwa kwenye jarida bila jina lake. La tatu lilikuwa na sentensi mbili tu: simu za saa nne na saa tano za usiku, zinazoanza na "Umelala?"

Nayataja yote matatu kwa makusudi. Tukizungumzia maadili ya watumishi wa vyuo vikuu, mazungumzo hukimbilia la tatu, tena kati ya mhadhiri na mwanafunzi, na tukishalaani tunaona kazi imekwisha. Hilo ni zito na nitalirudia. Ila kwa yule binti yote matatu yalikuwa kitu kimoja, na alikieleza vizuri kuliko sera yoyote niliyowahi kuisoma: "Mama, huyu ndiye anayeandika kama naenda kusoma shahada ya pili au siendi." Mtu mmoja anampangia kazi, ndiye anayethibitisha utendaji wake kwenye PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya zile fomu za OPRAS, ndiye anayempendekeza kupanda daraja, na ndiye anayempigia simu usiku. Ukiivunja mikono hiyo minne ikawa ya watu wanne, nusu ya maovu ya chuo hukosa pa kukaa. Ukiiacha kwa mtu mmoja, hata awe mlokole wa namna gani, unamwomba awe malaika kila siku ya kazi.

Sasa angalia ubao wa matangazo wa chuo chochote cha nyanda hizi za juu kusini. Utaukuta Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa 2007, ule wa mavazi, au mtoto wake aliyezaliwa hapo hapo chuoni: sketi isipande magoti, suruali isibane, ndevu zichongwe, malapa marufuku. Mara nyingine una picha, na mara nyingine umewekewa fremu ya kioo. Sina ugomvi na waraka huo, ingawa nimewahi kujiuliza ni nani atakayeonyesha bega Uyole mwezi wa saba. Swali langu ni la karatasi nyingine: ile inayoeleza ukinyanyaswa kazini unaanzia wapi, unamwandikia nani, anakujibu ndani ya siku ngapi. Hiyo ipo. Nimeshiriki kuiandaa. Ina kurasa zaidi ya 30, iko kwenye kabati la ofisi ya mwanasheria, na imeandikwa kwa Kiingereza.

Hili la lugha si dogo. Chuo si wahadhiri peke yao. Kuna madereva, wapishi, wahudumu wa hosteli, watunza bustani, mafundi wa maabara, walinzi wa kampuni na wafagiaji wa mzabuni. Mfagiaji anayedaiwa "asante" na msimamizi wake ili jina libaki kwenye orodha ya mwezi ujao analindwa na sera asiyoweza kuisoma. Siku kikao cha nidhamu kikikaa, kinaendeshwa kwa Kiswahili, kuanzia sala ya kufungua. Tangu 2021 sheria yetu inataka Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Jaji anatakiwa kuhukumu kwa lugha ya mfagiaji, ila kanuni ya kumlinda mfagiaji bado iko kwenye lugha ya jarida la kitaaluma. Kutafsiri kurasa 30 ni kazi ya wiki mbili kwa mtu mmoja, na vyuo vyetu vinafundisha walimu wa Kiswahili kwa mamia.

Kwa mwanafunzi, kamba iliyomfunga ni alama. Matangazo ya nafasi za ukufunzi msaidizi kwenye vyuo vya umma yamekuwa yakitaka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kwa shahada ya kwanza. Maana yake B moja iliyokaa mahali pa B+ inaweza kufunga mlango wa maisha ya mtu, na anayeiweka hiyo B ni binadamu mmoja, peke yake, sebuleni kwake, na kalamu nyekundu. Huko chini kabisa, yule asiyewaza GPA kubwa anawaza sapu (mtihani wa marudio), anawaza kukeri (kubeba somo hadi mwaka ujao), anawaza kudisko (kuondolewa masomoni) na mzazi aliyeuza ng'ombe. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inataja kwa uwazi mwenye mamlaka anayedai ngono au upendeleo mwingine ili atoe haki, ajira au nafasi. Ilipotungwa iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ipo, tena siyo mpya. Novemba 2018, Rais Magufuli alipofika Mlimani kufungua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa hapo hapo aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono chuoni ni tatizo. Nchi nzima ikajadili kama alikosea adabu kumwandikia Rais namna ile. Mimi nilijiuliza jambo la kiofisi zaidi: mhadhiri mzima, anayejua ofisi zote, kwa nini aone njia fupi ya kusikika ni ya kupita kwa Rais wa nchi?

Na huko ni Dar es Salaam, mji ambao unaweza kumshitaki mtu na usimwone tena mwaka mzima. Huku kwetu hesabu ni nyingine. Iringa mjini kuna Mkwawa, chuo kishiriki cha elimu cha Dar es Salaam, kuna Chuo Kikuu cha Iringa cha KKKT, na kuna Ruaha cha Wakatoliki. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kuna Teofilo Kisanji cha Wamoraviani, kuna kampasi ya Mzumbe na wengine. Ukivijumlisha ni vingi. Ukiwajumlisha watu wanaovifundisha na kuviendesha, ni ukoo. Mhadhiri wa chuo hiki anafundisha kipindi kile pale, mke wake ni mhasibu kule, walisoma pamoja Mlimani au Mzumbe, na watoto wao wanapanda basi moja la shule.

Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya nidhamu iliyokuwa na wajumbe watano. Mwenyekiti alikuwa msimamizi wa ndoa ya mlalamikiwa. Mjumbe mmoja alikuwa naye kwaya moja. Mwingine alikuwa kwenye mchakato wa kuoza binti, na mlalamikiwa ndiye alikuwa mhazini wa kamati ya harusi, na ameshika michango. Hakuna aliyesema lolote. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Wawili kati yao ningewakabidhi mtoto wangu. Kanuni zetu hazikuwauliza. Hapakuwa na fomu hata moja ya kutamka uhusiano, wala kifungu kinachosema mjumbe mwenye undugu au urafiki na upande wowote atoke. Walioziandika kanuni hizo walifikiria watu wasiojuana. Kikao kilianza saa tatu, chai ikaja saa nne, na mlalamikaji, ambaye alikuwa nje kwenye benchi, alimwona mwenyekiti akitoka kumchukulia mlalamikiwa kikombe. Hakusema kitu. Ila majibu yake baada ya chai yalikuwa mafupi sana.

Hapa kuna jambo moja la kisheria ambalo watu wengi wa vyuo wenyewe hawalijui, na ni la ajabu kidogo. Chukua marafiki wawili wanaokula nyama choma meza moja pale Iringa. Mmoja anafundisha chuo cha umma, mwingine cha kanisa. Wote wametuhumiwa kosa lile lile wiki ile ile. Wa chuo cha kanisa yuko chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mwajiri lazima awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na kanuni za 2007 zinasema apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kwa kawaida, na aje na mtu wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Akifukuzwa na kuona kaonewa, ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwenzake wa chuo cha umma yuko chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Tangu marekebisho ya 2016, haruhusiwi kukimbilia njia za sheria za kazi kabla hajamaliza ngazi za ndani ya utumishi: rufaa yake inakwenda Tume ya Utumishi wa Umma, na juu yake Rais. Wapo watu ambao wamepoteza mwaka mzima kwa kubisha mlango usio wao.

Na vyuo vinapoteza kesi kwa sababu ya haraka. Chuo kimoja cha nyanda hizi, sikitaji, kilipokea malalamiko ya wasichana watatu siku ya Jumanne. Uongozi ulikasirika kwa haki kabisa. Alhamisi mhadhiri alikabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, akaambiwa aache funguo getini. Hapakuwa na hati ya tuhuma, hapakuwa na kikao, hakusikilizwa. Chuo kizima kilishangilia. Yule bwana alikwenda kwenye Tume ya Usuluhishi, na swali la kwanza lililoulizwa halikuwa kama alifanya au hakufanya. Lilikuwa yako wapi makaratasi ya kumsikiliza. Kwa miaka mingi fidia ya chini ya kuachishwa isivyo halali ilikuwa mshahara wa miezi 12. Aliipata. Wasichana wale walimaliza chuo wakijua kwamba mtu waliyemshitaki alilipwa.

Wanaosema taratibu ndefu zinamlinda mkosaji hawajakaa kwenye hivi vikao. Taratibu mbovu ndizo zinazomlinda. Na zinamwumiza asiye na kosa pia, na huyo yupo. Namjua mwalimu, mtu mzima, aliyetuhumiwa na mwanafunzi aliyekuwa amepata sapu kwenye somo lake. Wakubwa waliitana jioni, wakasema jambo hili tulimalize humu humu ndani, mwanafunzi akaomba radhi mdomoni, wakasali, wakaondoka. Haikuandikwa hata karatasi moja. Miaka minne baadaye alikuwa kwenye usaili wa nafasi ya juu chuo kingine, na mmoja wa wasaili akamwinamia mwenzake sikioni. Nilikuwepo. Hakuna aliyekuwa na barua ya kumsafisha, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Suluhu ya kindugu ilimwachia doa ambalo hukumu ingelifuta.

Kumaliza mambo kindugu kuna sura nyingine, nayo naiona ni mbaya kuliko zote. Mtu anaambiwa pembeni ajiuzulu kwa heshima. Anajiuzulu mwezi wa tano, anaagwa kwa soda na hotuba, anapewa barua ya utambulisho isiyo na doa, na Oktoba chuo kikifunguliwa anafundisha patitaimu kilomita chache kutoka hapo. Vyuo vichanga vinategemea sana walimu wa kuazima, na anayehitaji mtu wa kufundisha takwimu wiki ijayo haulizi maswali mengi. Daktari akiharibu, Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumfuta kwenye rejista. Mwalimu wa shule ya umma ana Tume ya Utumishi wa Walimu. Mhadhiri, kwa kazi yake ya uhadhiri, hana leseni ya kunyang'anywa. Kilichobaki ni mwajiri mmoja kumpigia mwajiri mwingine simu, na kwa mji wetu simu hiyo haipigwi, kwa sababu wote wawili wanamjua mkewe.

Kuna zawadi pia, nazo nizitaje kwa kupita. Mzazi ametoka Kyela na debe la mchele, mkungu wa ndizi wa Tukuyu begani, amekuja kumsalimia "mwalimu wa mtoto". Kanuni inasema kataa. Mila inasema ukikataa umemtukana mzee aliyepanda basi alfajiri. Mkuu wa idara mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akipokea kwa mikono miwili, akimwita katibu aandike, na mchele unakwenda jikoni kwa wapishi wa chai ya idara. Mzee anaondoka na furaha, na mwanafunzi anajua mchele umeliwa na watu 20. Kabla ya matokeo kupita seneti hakupokea hata papai. Angeiandika hiyo ikawa kanuni ingekuwa na akili kuliko iliyopo.

Turudi kwenye njia ya barua. Mwaka 2021 Serikali ilitoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia kwenye vyuo vya elimu ya juu na ya kati, na vyuo vingi vimeanzisha. Ni hatua, siibezi. Ila nimeona dawati ambalo mlango wake unatazamana na dirisha la uhasibu, mahali ambapo siku za bumu, zile pesa za mkopo, wanafunzi wanapanga foleni tangu asubuhi. Ukikaa kwenye lile benchi, watu 100 wamekuona, na kabla hujaeleza shida yako wameshaielezea wao. Mratibu wake alikuwa mhadhiri mwenye kozi tatu na idara ya kuijibu. Saa za dawati zilikuwa zile ambazo hana kipindi. Na dawati limekaa kwenye akili za watu kama kitu cha wanafunzi. Mpishi hawezi kufikiria kwenda pale. Hata yule tiei wangu hakufikiria. Alikuja kwangu, kwa afisa utumishi, kwa sababu yeye ni mtumishi, na mtumishi akiwa na shida anaandika barua.

Ningeshauri nini? Kwanza, mstari wa K.K. ufutwe kwenye barua ya malalamiko dhidi ya mtu aliye kwenye huo mstari. Hili halihitaji semina Morogoro wala mshauri mwelekezi. Ni sentensi moja kwenye kanuni za watumishi, na agizo kwa masjala kwamba bahasha iliyoandikwa "Malalamiko" haifunguliwi na karani, ina rejista yake, na rejista hiyo ina namba tu, haina majina. Katibu muhtasi aambiwe hivyo kwa maandishi, ili asionekane mkaidi anapoipitisha.

La pili linatoka kwenye kazi yetu wenyewe. Kila mwaka tunaleta mtahini wa nje. Anatoka chuo kingine, tunamlipia nauli na posho, tunamkabidhi vitabu vya mitihani, anakagua kama tumetoa alama kwa haki. Hakuna mhadhiri anayeona ametukanwa. Tumekubali zamani sana kwamba idara haiwezi kujikagua yenyewe kwenye alama, kwa sababu watu wanajuana na wanahurumiana. Kwenye nidhamu tunajifanya hatujuani. Basi la asubuhi kutoka Mbeya hufika Iringa mchana. Kamati ya Iringa ikiongozwa na mwenyekiti kutoka Mbeya, na ya Mbeya kutoka Iringa au Njombe, gharama yake ni ile ile ya mtahini mmoja, na mwenyekiti huyo hana mtu wa kumchukulia kikombe cha chai. Vyuo vya kanisa na vya umma vinaweza kubadilishana pia. Waraka wa makubaliano wa kurasa mbili unatosha.

Najua kitakachosemwa: bajeti. Nimekaa kwenye bajeti. Fedha za kamera za getini zilipatikana, na za mashine ya kuwekea kidole asubuhi zilipatikana, mashine inayojua mhadhiri alifika saa moja na dakika ngapi na haijui alichomfanyia mtu saa nane.

Vyuo vya umma vina baraza la wafanyakazi, na bajeti hupita hapo kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai. Wajumbe wa THTU na RAAWU, vyama vya wafanyakazi wa vyuo, wanakaa humo. Ni mahali pazuri pa kuanzia, na mwaka jana niliandika hoja hiyo, nusu ukurasa, nikaipeleka mapema kabisa iingie kwenye ajenda. Imenirudia juzi. Pembeni mtu ameandika kwa mwandiko mzuri: "Ipitie kwa mkuu wako wa idara."